Samoni Mezani: Mla Samaki Anadaiwa Nini?

Katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, kuanzia kusini mwa Alaska hadi kaskazini mwa California, samoni wa kwanza wa msimu hapelekwi sokoni. Jamii za wenyeji wa huko humpokea kama mgeni aliyetoka safari ya mbali. Hulazwa juu ya majani, kichwa kikielekezwa kule juu ya mto alikokuwa akienda. Katika jamii nyingi hupasuliwa kwa urefu, wala hakatwi mapande. Hubanikwa au hutokoswa, kisha kila aliyehudhuria hupata tonge lake, hata kama ni la kuonja tu. Mifupa hukusanywa yote na kurudishwa majini. Baada ya hapo ndipo uvuvi wa msimu huanza.

Mwanaanthropolojia Erna Gunther, aliyezilinganisha sherehe hizi katika makala ya mwaka 1926, alikuta mambo madogo yakitofautiana kutoka jamii hadi jamii huku kiini kikifanana. Kwa imani ya wengi wao, samoni ni watu wenye nyumba zao baharini. Kila mwaka huvaa miili ya samaki na kupanda mito kwa hiari yao ili wawalishe wanadamu. Mifupa ikirudishwa salama, nao huzaliwa tena na kurudi. Ikitupwa ovyo, wana haki ya kutorudi.

Sasa na atazamwe mpishi wa nyumbani aliyeko Toronto, London au Dubai. Anafungua friji na kutoa kipande cha samoni kilichofungwa kwa plastiki. Hakina kichwa wala mkia, na miba imeng'olewa moja moja. Amekilipia dukani, na risiti anayo. Je, mtu huyu bado ana deni? Kama analo, anadaiwa na nani, na atalilipaje?

Dini zenye asili ya Ibrahimu zimelijibu mapema swali la kama samoni analiwa. Sheria ya Kiyahudi inataka samaki awe na mapezi na magamba, na samoni anavyo vyote viwili. Uislamu umehalalisha mawindo ya bahari, na samaki hahitaji kuchinjwa. Wakatoliki wanaojizuia nyama Ijumaa za Kwaresima huruhusiwa samaki. Jibu la uhalali likishapatikana, wengi hudhani mjadala umekwisha.

Haujaisha, kwa sababu dini hizo hizo zina fungu la pili la mafundisho, linalohusu namna ya kula. Kurani inaruhusu kula na kunywa na papo hapo inakataza israfu. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifundisha kwamba tonge likianguka liondolewe uchafu na kuliwa, na sahani isafishwe, kwa kuwa mlaji hajui baraka imo katika sehemu gani ya chakula chake. Fundisho hilo lina kina kuliko adabu ya mezani. Linasema kwamba thamani ya chakula haijulikani kwa bei wala kwa ladha ya mlaji. Mnofu mnene wa katikati ndio unaouzwa ghali, lakini hakuna aliyeambiwa kwamba baraka imekaa hapo. Huenda imo kichwani, katika mashavu yenye nyama laini, au katika uti wa mgongo ambao wauzaji wengi huutupa.

Ukilichukua fundisho hilo hadi jikoni, upishi unakuwa suala la maadili. Mtawa wa Kijapani Dōgen aliliona hilo mwaka 1237 alipoandika mwongozo kwa ajili ya mpishi wa monasteri. Watawa wake hawakula samaki, lakini hoja yake inahusu kila kinachoingia chunguni: mpishi ashike viambato kwa uangalifu uleule anaoutumia kulinda macho yake, asidharau mboga duni wala asichangamkie cha anasa. Kwa Dōgen, kazi ya jikoni haikuwa maandalizi ya ibada inayofanyika kwingine. Ilikuwa ibada yenyewe.

Samoni ni mtihani mzuri wa uangalifu huo, kwa kuwa huharibika upesi mikononi mwa asiyemtazama. Nyama yake imejengwa kwa tabaka fupi fupi zilizoshikanishwa na utando mwembamba, na utando huo hulainika kwa joto dogo. Ndiyo maana hahitaji kukaa motoni saa nzima kama nyama ya ng'ombe. Joto likizidi, protini hujikaza, maji hukamuka, na ute mweupe hujitokeza juu ya mnofu. Ute huo nao ni protini wala si uchafu. Kumlaza samaki katika maji ya chumvi kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kumpika huupunguza. Mamlaka za chakula za Marekani hushauri katikati ya mnofu pafike nyuzi 63 za Selsiasi, na hilo ndilo salama kwa wajawazito, wazee na watoto wadogo. Wapishi wengi wa mikahawa humwepua kwenye nyuzi 50 na kitu ili abaki na majimaji yake. Samoni wa mtoni na baharini, aliye na mafuta machache kuliko wa kufugwa, hukauka mapema zaidi na humtaka mpishi awe macho zaidi.

Njia za kumpika nyumbani ni nyingi, na kila moja ina sharti lake. Kwenye kaango, ngozi hukaushwa vizuri, mnofu hulazwa upande wa ngozi katika mafuta ya moto, hubonyezwa kidogo mwanzoni ili usijikunje, kisha huachwa hapo karibu muda wote. Hugeuzwa mwishoni tu. Katika oveni ya moto mdogo wa nyuzi 120 huiva taratibu kwa muda wa kama nusu saa na kubaki laini. Akifungwa ndani ya karatasi ya kuokea pamoja na vipande vya limau na vitunguu, oveni ikiwa na nyuzi 200, huiva kwa mvuke wake mwenyewe kwa dakika 12 hadi 15. Akitokoswa, maji yenye kitunguu, karoti, siki kidogo na pilipili manga yasichemke kwa fujo, yatetemeke tu.

Waswahili walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako samoni hupatikana kwa urahisi kuliko changu au nguru, wana njia ya kwao. Tui huchemshwa kwanza na kitunguu saumu, tangawizi, bizari na ukwaju mpaka liwe zito, na samoni huingia mwishoni, kwa kuwa akiingia na tui jepesi atasambaratika kabla mchuzi haujakaza. Anayemtaka wa kupaka humchoma kwanza upande wa ngozi, kisha humpaka rojo la nazi akiwa bado juu ya makaa. Samaki huyu ana mafuta yake, kwa hiyo ukwaju na ndimu vinahitajika zaidi kuliko anavyohitaji samaki mweupe wa pwani.

Hilo ndilo deni la kwanza, kutomharibu. Mnyama aliyekufa akaunguzwa kwa sababu mpishi alikuwa kwenye simu amepotezewa kifo chake. Anayeona neno hilo ni kubwa mno kwa kipande cha samaki na ajiulize ni kipi kingine duniani ambacho mtu huchukua uhai wake kila wiki bila kutafakari.

Deni la pili ni kutomtupa. Mwaka 1921 Franz Boas alichapisha juzuu mbili kuhusu Wakwakwaka'wakw wa British Columbia, zilizotokana na maandishi aliyoyakusanya George Hunt, mtu aliyekulia katika jamii hiyo. Ndani yake mna mapishi kwa wingi. Yamo ya vichwa vya samoni, ya mayai yake, ya samoni mkavu aliyerowekwa na kutokoswa. Katika kazi hiyo hiyo zimo sala ambazo wavuvi na wake zao waliwaambia samaki kabla ya kuwapasua. Aliyeandika mapishi hakuona sababu ya kuziacha sala nje, kwa kuwa katika maisha ya watu hao vilikwenda pamoja.

Waainu wa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, nao hupika samoni katika supu yenye mboga, na hakuna sehemu inayodharauliwa. Wafini huchemsha samoni kwa viazi, vitunguu na maziwa. Katika nyumba nyingi za Asia kichwa ndicho kitamu. Mpishi wa mjini anayenunua kichwa na mifupa, ambavyo mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo, hupata supu ya familia nzima. Sharti ni kuondoa matamvua, kwani huleta uchungu, na kutochemsha muda mrefu mpaka mafuta ya samaki yakaharibu mchuzi.

Moshi na chumvi vilikuwa na kazi kubwa zaidi ya ladha. Samoni wa mtoni huja kwa majuma machache tu ya mwaka, lakini watu hula miezi yote 12. Kumkausha kwa moshi ilikuwa njia ya kuifikisha zawadi ya kiangazi hadi majira ya baridi bila kipande kuoza. Watu wa Skandinavia walimzika samaki mwenye chumvi ardhini ili achachuke; leo mpishi wao humpaka chumvi, sukari na majani ya shibiti na kumweka ndani ya friji siku mbili au tatu. Kwa kuwa samaki huyo hapikwi, lazima awe amegandishwa kwanza ili minyoo ife. Kipimo cha Marekani ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Friji nyingi za nyumbani hazifiki baridi hiyo kwa uhakika, hivyo ni heri kununua aliyekwisha kugandishwa kiwandani.

Waayalandi wana hadithi ya kale inayogusa jambo hili la mikono ya mpishi. Mshairi Finnegas alikaa miaka saba kando ya mto Boyne akimvizia samoni mwenye elimu yote ya ulimwengu. Alipompata, alimwachia kijana wake amchome, akamwonya asionje. Ngozi ya samaki ilifura lengelenge, kijana akaligusa kwa kidole gumba, likamuunguza, akakitia kidole kinywani. Elimu yote ikamwingia yeye, Fionn, na mshairi akakubali kumwachia samaki mzima. Aliyetamani kula hakupata. Aliyekesha motoni ndiye aliyepata, na hakuwa ameomba chochote. Hadithi hiyo imehifadhiwa katika maandishi ya Kiayalandi ya zama za kati, na wala haikuhitaji falsafa ya vitabuni ili iseme kwamba kumjua samaki kunapitia kwenye kazi ya kumhudumia.

Kuna wanaopinga msingi wote huu. Hoja yao ni nzito na haifai kurukwa. Samaki hakujitoa, wanasema. Alivuliwa kwa nguvu, na kumwita mgeni mwenye hiari ni njia ya kujiliwaza. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake walichapisha utafiti juu ya trauti, ndugu wa samoni ambaye Waingereza walimpanda katika mito ya milima ya Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Watafiti hao waliwadunga samaki asidi mdomoni. Baadhi ya samaki walisugua midomo yao kwenye changarawe, na walichelewa kurudi kula. Walipopewa mofini, dalili zilipungua. Wanasayansi wengine wamejibu kwamba ubongo wa samaki hauna sehemu inayohitajika ili maumivu yahisiwe kama anavyoyahisi binadamu. Mjadala bado ni mkali, lakini mtu mwenye busara hangoji ushahidi wa mwisho kabla ya kujizuia kutesa. Kumzimisha samaki fahamu kabla ya kumuua, jambo ambalo ufugaji mkubwa wa Norwei unalazimika kulifanya, ni kiwango cha chini kabisa cha heshima.

Hata hivyo pingamizi hilo halivunji hoja ya wazee wa Pasifiki, linaikaza. Kama samaki hakuchagua kufa, basi deni ni kubwa zaidi, si dogo. Imani kwamba samoni hutoa mwili wake ilikuwa na sharti lililomfunga mlaji: asichukue kabla ya sherehe, asitupe, arudishe mifupa. Imani inayomfunga anayeiamini haiwezi kuitwa kisingizio.

Hapo linakuja deni la tatu, ambalo jiko pekee haliwezi kulilipa. Samoni wa Pasifiki huzaliwa mtoni, huenda baharini, na hurudi kwenye mto uleule kwa kunusa maji yake. Akishataga, hufa. Dubu, tai na wadudu hula mzoga, na nitrojeni iliyotoka baharini imepatikana ndani ya miti iliyo kando ya mito, kama alivyoonyesha Tom Reimchen katika utafiti wake British Columbia. Mto uliokosa samoni hukosa mbolea yake. Kurudisha mifupa majini, kwa hiyo, kulikubaliana na jinsi mto unavyoishi, na waliofanya hivyo walikuwa wameutazama mto huo kwa maelfu ya miaka.

Tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa kwenye mto Columbia, na kwa saa chache maporomoko ya Celilo, mahali pa uvuvi wa samoni tangu zama za kale, yakafunikwa na maji. Wenyeji waliokuwa wakisimama juu ya majukwaa ya mbao na nyavu zao walibaki wakitazama. Katika jimbo la Washington, Billy Frank Jr. wa jamii ya Nisqually alikamatwa zaidi ya mara 50 kwa kuvua mahali ambapo mkataba wa mwaka 1854 uliwapa watu wake haki ya kuvua. Mwaka 1974 jaji George Boldt aliamua kwamba jamii zenye mikataba zina haki ya nusu ya samoni wanaoweza kuvuliwa. Huko Japani, serikali ya Meiji iliwazuia Waainu kuvua samoni mitoni; walipoihuisha sherehe yao ya kumkaribisha samoni mpya mjini Sapporo mwaka 1982, hata samaki wa ibada alihitaji kibali.

Kurudisha kunawezekana. Mto Klamath, unaopita Oregon na California, ulipoteza samoni zaidi ya 30,000 kwa maradhi mwaka 2002, maji yakiwa machache na ya moto. Wayurok, wenyeji wa mto huo, na majirani zao walidai kwa miaka mingi mabwawa manne yaondolewe. Kazi ilikamilika mwaka 2024, na kabla mwezi wa Oktoba haujaisha samoni walionekana juu ya mahali yalipokuwa mabwawa, sehemu ambayo hawakuwa wameifikia kwa zaidi ya miaka 100.

Samoni wengi wanaofika mezani leo hawana mto wa kurudi. Tangu ndugu wawili walipoweka samoni wachanga ndani ya vizimba katika kisiwa cha Hitra, Norwei, mwaka 1970, ufugaji umekuwa biashara ya dunia nzima, na Norwei hutoa takriban nusu ya samoni wote wa Atlantiki wanaofugwa. Chakula chao sasa ni mimea kwa sehemu kubwa, lakini unga na mafuta ya samaki wadogo bado vinahitajika. Sehemu yake hutoka katika viwanda vya Mauritania, Senegali na Gambia, ambako samaki waliokuwa kitoweo cha watu wa kawaida husagwa na kusafirishwa. Mnofu mzuri wa Dubai au London unaweza kuwa na deni kwa mama wa Senegali ambaye soko lake limepungukiwa. Jambo hilo halimo ndani ya risiti.

Afrika Mashariki inaifahamu hali hiyo kupitia dagaa wa Ziwa Viktoria, ambao sehemu kubwa yao hugeuzwa chakula cha kuku na mifugo mingine, wakati ni kitoweo cha bei nafuu chenye lishe tele kwa watoto. Anayewakaanga dagaa wabichi kwa nyanya na vitunguu mjini Mwanza au Kisumu anakabiliwa na swali lilelile la mpishi wa samoni: nani amekosa ili chakula hiki kifike hapa?

Muumini atasema deni hili ni la Mungu, mtoa riziki. Asiyeamini atasema ni la mto, la samaki na la mvuvi wa kesho. Sherehe ya samoni wa kwanza haikuwatenganisha wadai hao, na hapo ndipo ilipo nguvu yake: shukrani ilitamkwa, ikaliwa pamoja, kisha ikarudishwa majini kwa mikono. Mpishi wa jijini hana mto wa kuutupia mifupa, lakini ana fedha, ana kura na ana kinywa. Kwa familia inayopenda samoni, hatua ya kwanza ni kumuuliza muuzaji samaki huyu ametoka mto gani au kizimba gani, alilishwa nini, na kichwa chake kimekwenda wapi. Na majibu yakikosekana, kununua samaki mwingine siku hiyo.